Kupiga randa kitanda cha lethi ndiyo kazi ndogo kuliko zote

Juzi jioni simu imeita tena. Kijana wa Unga Limited, Arusha, sauti imejaa furaha: kapata lethi, mashine ya kukereza chuma, ya mita mbili kwa bei ya kutupa, mota inanguruma vizuri, "ila kitanda kimelika kidogo karibu na chaki, fundi. Nakuletea huko Moshi unipigie randa, kesho yake nageuza nacho." Huyu ni wa tatu tangu masika yaanze. Wote wana imani ileile, kwamba kitanda cha chuma ni kama ubao wa mninga: ukikipitisha kwenye randa, mashine yangu ya kunyooshea chuma, kimenyooka, unakirudisha miguuni, unaanza kula hela.

Basi nalieleza hapa mara moja. Wa nne nitamtumia hii asome. Kitanda ni mwili mrefu wa lethi wenye reli juu. Kichwa kinakaa mwisho mmoja na kubeba chaki, yaani kishikio kinachozungusha kazi; mkia unakaa mwisho wa pili; kereji inateleza katikati ikibeba kisu.

Jambo la haraka kwanza. Chukua tupa kali, ikwaruze reli mahali ambapo kereji haifiki. Ikiuma, kisu changu kitakata. Ikiteleza kama uko juu ya kioo, reli hizo zilichomwa kiwandani zikawa ngumu, na dawa yake ni kusagwa kwa jiwe kwenye mashine ya kusagia reli. Usinibembeleze "ujaribu tu kidogo". Kinachokufa ni kisu changu.

Sasa kwenye kulika kwenyewe. Watu wanalaza rula ya chuma juu ya reli, wanapitisha fila, vile vibati vya kupimia mwanya, chini yake, wanapata milimita 0.2, wanashika kichwa. Ule mshuko wa wima peke yake haukuibii kama unavyodhani. Ukikereza shafti ya milimita 50, kisu kikashuka 0.1 chini ya senta, yaani mstari wa katikati ya mzunguko, kipenyo kinaongezeka kwa chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Piga hesabu mwenyewe. Lakini kisu kikisogea 0.1 kwa ubavu, kipenyo kimebadilika 0.2 nzima.

Na kinasogeaje kwa ubavu? Reli ya mbele ndiyo inayobeba nguvu ya kukata, na ndiyo inayomwagikiwa uchafu wote, kwa hiyo inalika kuliko ya nyuma. Kereji inainama kuelekea kwako. Tuseme kutoka reli hadi reli ni milimita 300, na senta iko milimita 200 juu ya reli. Ya mbele ikiwa imeshuka 0.1 zaidi ya ya nyuma, ncha ya kisu imeikimbia shafti kwa karibu 0.07, na shafti imenenepa 0.13 hapo hapo karibu na chaki, mahali unapofanyia kazi kila siku. Fila haiwezi kukwambia hivyo. Weka pima maji ya mafundi mitambo, ile ya 0.02 kwa mita, ilale kukingama juu ya kereji, kisha isogeze kereji toka mkiani hadi kwenye chaki ukiangalia kiputo. Ya kujengea nyumba iache nyumbani.

Haya, tukate. Hapa ndipo mimi na wenzangu tunapogombana.

Mgongo wa V, ile reli ya mbele, una mashavu mawili, na mara nyingi yanakutana kwa nyuzi 90. Ukiondoa 0.2 kwenye kila shavu, mgongo haushuki 0.2, unashuka 0.28. Reli bapa ya nyuma ukiiondolea 0.2 imeshuka 0.2 basi. Fundi anayetoa "kiasi kilekile kila mahali", akijisifu kwa umakini wake, ameiinamisha kereji kwa 0.08. Ni kweli mwinamo huo ni mmoja mwanzo hadi mwisho, haupindishi shafti. Lakini mfereji wa kereji haulali tena vizuri kwenye mgongo: unagusa kwa ukingo, na ukingo huo utalika miezi michache tu, halafu mteja anarudi kusema randa yangu mbovu. Akizidisha shavu moja kuliko jingine, kereji nzima imehamia pembeni pia.

Tuseme umekata vizuri. Kila kitu kimeshuka, tuseme 0.4. Skrubu ndefu, ile inayoivuta kereji wakati wa kukata uzi, haijui habari hiyo. Imeshikwa na giaboksi upande huu na kishikio upande ule, na vyote vimefungwa kwenye ubavu wa kitanda, ambao haujaguswa. Nati iliyo kwenye eproni, sanduku linaloning'inia mbele ya kereji, imeshuka na kereji. Ukiifunga kukata uzi, unaikunja skrubu. Pinioni, gia ndogo ya eproni, nayo imeachana na reki, ule upau wa meno wa kitanda, mpini wa kusogezea unacheza kama usukani wa Canter la mchanga. Kichwa je? Ukikiondoa juu ya kitanda, ukapitisha randa mwanzo hadi mwisho, kichwa na mkia vinashuka pamoja na senta zinabaki sawa. Ukiwa mvivu ukaishia mbele ya kichwa, mkia uko chini 0.4 na utauwekea shimu, vibati vya kuinulia, maisha yako yote.

Kwa hiyo siku nyingi zinaishia kwenye kurudisha urefu uliopotea. Njia ya kawaida ni kubandika utepe wa plastiki, kama Turcite, chini ya kereji. Utepe huo unapatikana kwa unene wake, 0.8 au 1.6 kwa mfano. Kama ulishuka 0.4, inabidi uikate na kereji yenyewe ili utepe upate nafasi, kisha uukwangue ulale. Nakiri sina amani nao sana. Kwenye karakana yenye vumbi kama zetu, vipande vya chuma vinajichomeka kwenye plastiki laini, na kereji inageuka tupa. Navisha vifuta vya sufi mbele na nyuma. Nani atavibadilisha mimi nikishaondoka, sijui.

Na randa yenyewe? Inanyoosha kile kilichofungwa mezani, katika hali kilichofungwa. Kitanda kirefu cha chuma cha kusubu kinapinda kama nyoka mvivu: ukikikaza kwa boliti kwenye meza isiyolingana nacho, unakata kilichonyooka, unalegeza boliti, kinarudi kwenye upotovu wake. Mimi nakikalisha kwanza kwenye nukta tatu, nafuata kwa saa ya kupimia zile reli za mkia, ambazo hazijachoka sana na ndizo shahidi wangu, kisha naweka shimu kila boliti inapokaza, nikiangalia saa isitikisike. Hii inachukua siku nzima. Kukata ni asubuhi moja.

Jua nalo lina neno. Sehemu ya juu ya kitanda cha mita mbili chenye kina cha milimita 300 ikipata joto kuliko chini kwa nyuzi 3 tu, katikati panainuka karibu 0.05. Mlango wangu unatazama mashariki. Kiangazi mkato wa mwisho naupiga alfajiri, mlima ukiwa bado uko wazi, na mlango umefungwa.

Halafu randa haiwezi kunyoosha kuliko reli zake yenyewe. Namaliza kwa mkono, kwa bluu, rangi inayoonyesha palipoinuka, na kikwaruzo. Joseph Whitworth alieleza mwaka 1840 kule Glasgow jinsi ya kupata uso bapa kwa kukwangua sahani tatu zikipimana zenyewe kwa zenyewe, na mzee aliyenifundisha, ambaye alipitia kile kiwanda cha zana za mashine kule Hai kilichojengwa kwa msaada wa Wabulgaria, hakuwa na njia nyingine. Hata hivyo kuna vitanda nimemaliza vikiwa sawa, nikavipima tena wiki ya pili nikakuta 0.02 iliyotoka hewani. Nadhani chuma kililegeza mkazo wake baada ya kuchunwa ngozi. Nadhani. Huwa nakiacha kipumzike kati ya mkato wa kwanza na wa mwisho, na bado kuna kilichoniaibisha.

Kijana wa Unga Limited nilimwambia haya yote, akaitikia "sawa fundi, sawa fundi". Leo asubuhi Canter limepaki mlangoni, kitanda kimefunikwa turubai. Nikamuuliza kereji iko wapi, na eproni, na mkia.

"Hivyo vizima, fundi. Nimeviacha Arusha."