Je, wajua kwa nini uwanja mmoja wa gofu Pwani huwa viwanja viwili kwa mwaka?

Ami yangu alibeba mifuko ya gofu Mombasa miaka mingi, mpaka magoti yalipomshinda. Nilipokuwa mdogo alinichukua siku moja nimtazame kazini. Nakumbuka alichuma majani mawili matatu ya ukoka, akayaachia kutoka usawa wa bega, kisha akainua macho. Mchezaji wake alikuwa ameikodolea bendera ya shimo. Ami akamwambia kwa upole, "Bwana, bendera iache. Tazama vilele vya minazi." Bendera iko chini, miti imeikinga. Mpira hupita juu, na huko juu upepo ni mwingine.

Upepo huo ndio unaoufanya uwanja wa Pwani uwe na tabia yake. Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, ule uliokuwa ukileta majahazi kutoka Arabuni. Kuanzia Aprili hivi hadi Oktoba huvuma kusi, uliokuwa ukiyarudisha, na kusi ndio mkali zaidi. Mvuvi wa hapa huufahamu mwaka wake kwa pepo hizi mbili. Mcheza gofu naye hana budi kuzifahamu.

Chukua shimo moja, yaani njia nzima kutoka pa kuanzia hadi kwenye tundu, la mita 380 linaloelekea kaskazini. Mwezi wa Julai kusi iko mgongoni mwako: mkwaju wa kwanza unasafiri mbali, na wa pili unaumalizia kwa fimbo fupi. Rudi Januari, simama palepale. Kaskazi inakupiga usoni, na mikwaju miwili yenye nguvu huenda isikufikishe kwenye grini, ule uwanda wa nyasi fupi wenye tundu. Urefu ni uleule, na kadi ya alama inasema vilevile kwamba shimo hili ni la mikwaju minne.

Siri iko kwenye mpira wenyewe. Uzito wake hauruhusiwi kuzidi gramu 45.93, na uso wake umejaa vijishimo vidogo. Ukipigwa sawasawa huruka huku ukijizungusha kinyumenyume, na mzunguko huo ndio unaounyanyua. Upepo wa mbele huzidisha kunyanyuka huko: mpira hupanda, hupanda, halafu huishiwa na kudondoka kama nazi. Mtu akikasirika akaupiga kwa nguvu zaidi, huongeza mzunguko, nao hupanda zaidi na kufika karibu zaidi. Ndiyo maana kedi mzuri, mbeba mifuko kama ami, humwambia mchezaji achukue fimbo kubwa apige taratibu. Na hasara ya upepo wa mbele huwa kubwa kuliko faida ya upepo wa nyuma, kwa hiyo huwezi kusema kwamba mwisho wa raundi vitu vimelipana.

Mchoraji wa uwanja huanzia hapo. Uwanja mkongwe wa St Andrews, Uskoti, ambako mashimo yalipunguzwa kutoka 22 hadi 18 mwaka 1764, unakwenda upande mmoja halafu unarudi. Ukichora hivyo sambamba na ufuo wetu, mtu atapambana na upepo nusu ya siku na nusu nyingine atasukumwa. Mchoraji wa leo huyazungusha mashimo, hili likatazama bara, lile bahari, lingine likapinda katikati, ili upepo ukuguse kila upande. Shimo linalopambana na upepo humfaa mchezaji likiwa na mdomo wa grini ulio wazi, bila mtego wa mchanga mbele, ili mpira wa chini uweze kuingia ukibingirika. Kwetu kuna ugumu wa ziada, kwa sababu shimo linalopambana na upepo Januari ndilo linalosukumwa Julai. Lazima likubali mipigo yote miwili.

Kuliona jambo hili kwa nafasi, toka mjini. Klabu ya Mombasa Golf Club ya mwaka 1911 ina mashimo tisa kisiwani, na Nyali, tangu 1956, ina 18 katikati ya nyumba. Ukipita Mtwapa kwa njia ya Malindi utafika Vipingo, kaunti ya Kilifi, mashamba ya mkonge. Huko, juu ya mwinuko unaoiona bahari, ndiko David Jones wa Ireland Kaskazini alikochora uwanja wa Baobab wa Vipingo Ridge. Jina limetokana na mibuyu. Mbuyu si mti wa kung'oa ovyo, na nafurahi sana kwamba mchoraji aliupa mti huu heshima yake. Kiangazi mibuyu hupukutisha majani, na pengine mpira ukapenya kati ya matawi. Mvua zikija matawi huvaa tena, na njia ile inafungwa.

Ardhi nayo hufuata pepo. Januari na Februari ni kukavu: mpira ukitua hukimbia, mara nyingine hadi usikotaka. Mvua za masika, ambazo Mei huwa nzito, hulainisha udongo, na mpira hukwama pale ulipoangukia.

Kwa klabu ya wanachama jambo hili lina uzito wa pekee. Mgeni wa hoteli hucheza mara moja akaondoka. Mwanachama hurudi kila Jumamosi kwa miaka 20, na uwanja usiobadilika ungemchosha. Hapa pepo humbadilishia bure.

Nasikitika kwamba dunia imeuona upande mmoja tu. Mashindano ya wanawake ya Magical Kenya Ladies Open yalichezwa Vipingo Desemba 2019, halafu Februari 2022, 2023 na 2024. Esther Henseleit wa Ujerumani alishinda mara mbili za kwanza, Aditi Ashok wa India akafuata, kisha Shannon Tan wa Singapore. Zote nne ni kaskazi. Ningependa sana kuwaona mabingwa hao wakishindana na kusi ya Julai.

Baina ya misimu, mnamo Aprili na Novemba, huja tangambili, na upepo wakati huo ni maleleji, hauna upande. Miezi hiyo ami aliyaachia majani yake mara mbili, mara tatu, na bado akamwambia mchezaji asubiri kidogo.