“Ana Mawazo Tu”: Yanayosemwa Kigoma Kuhusu Sonona na Baipola

Mjini Kigoma, mtu akianza kunyamaza kupita kawaida yake, watu husema kwamba ana mawazo. Neno hilo limebebeshwa mengi mno: deni la kikoba ni mawazo, ugomvi wa ndoa ni mawazo, na ugonjwa unaomfanya mtu mzima ashindwe kuondoka kitandani kwa mwezi mzima nao ni mawazo. Magonjwa ya hisia, hasa sonona (huzuni nzito isiyoondoka) na baipola (hisia kushuka na kupanda kupita kiasi), hutofautiana na huzuni ya kawaida kwa mambo mawili ambayo yeyote anayeishi na mgonjwa anaweza kuyaona, nayo ni muda ambao hali hiyo imedumu na kazi ambazo zimemshinda. Dhana nyingi zinazosikika kuanzia Ujiji hadi Kibirizi hukosea kwa sababu hupima machozi na kuyaacha hayo mawili.

Dhana: Ni uvivu, angejikaza angepona.

Ukweli: Tuchukue mfano wa mama anayenunua dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi na kuwaanika. Dagaa wakishatandazwa asubuhi hugeuzwa ili wakauke pande zote, na wingu likitanda hukusanywa upesi, kwa kuwa dagaa walionyeshewa huharibika na bei yao huanguka siku hiyohiyo. Sasa mvua inanyesha naye yumo ndani, anaisikia juu ya bati, anajua fika kwamba mtaji wake uko nje, na hanyanyuki. Jirani huuita huo uvivu. Lakini mvivu huikwepa kazi akastarehe, ilhali mwenye sonona hana raha ya kazi wala ya kupumzika: anaamka saa tisa usiku na usingizi haurudi tena, chakula hakimpiti kooni, kufikiri kumekuwa kuzito kiasi kwamba kuhesabu chenji tu kunamchosha, na hao dagaa waliooza anawaongeza kwenye orodha ndefu ya mambo anayojilaumu. Dalili za namna hii zikidumu karibu kutwa nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, na miongoni mwake ikiwamo huzuni au kukosa hamu ya mambo aliyoyapenda, mtu huyo anahitaji kupimwa na mtaalamu.

Kwa wavuvi wa dagaa, Ziwa Tanganyika lenyewe hutoa kipimo cha ziada. Wakati wa mbalamwezi dagaa hawaifuati vizuri taa ya kuvulia, hivyo boti hupumzika na hakuna anayeshangaa kumkuta mvuvi amelala mchana. Giza likirudi, wenzake wakaingia ziwani usiku wa kwanza hadi wa tano naye bado amejifunika shuka, familia haina sababu ya kusubiri mwezi mwingine.

Dhana: Mwenye furaha na nguvu hawezi kuwa mgonjwa.

Ukweli: Baipola ina vipindi vya sonona na vipindi vya kinyume chake, ambavyo wataalamu huviita mania. Mgonjwa hulala saa mbili au tatu na kuamka bila uchovu, huzungumza kwa kasi asiyoweza kukatizwa, hukasirika upesi akipingwa, na hutumia fedha kama mtu aliyeokota. Mfanyabiashara wa Mwanga, hapa mjini Kigoma, aliyefikwa na hali hiyo anaweza kukopesha mali kwa watu asiowajua, akanunua injini ya boti hali hana boti, na akapanga kufungua maduka Bujumbura na Kalemie ndani ya wiki moja. Siku za mwanzo watu humsifu kwamba nyota yake imewaka, na pengine hiyo ndiyo sababu kubwa ya ugonjwa huu kuchelewa kutambuliwa, kwani hakuna anayempeleka hospitali mtu anayegawa fedha. Mania hudumu wiki moja au zaidi, na nyuma yake hubaki madeni, aibu na mara nyingi ndoa iliyotetereka.

Jambo hili lina uzito hata katika matibabu. Wagonjwa wengi hufika kwa daktari wakati wa sonona, hueleza huzuni peke yake, na hawazitaji zile wiki za kutolala, wakati dawa za sonona zikitumiwa peke yake kwa mwenye baipola zinaweza kumsukuma kwenye mania. Huyu huhitaji dawa za kutuliza mabadiliko ya hisia, mojawapo ikiwa lithiamu, ambayo daktari John Cade wa Australia alichapisha matokeo yake mwaka 1949 na ambayo bado inatumika duniani kote, ingawa mgonjwa anayeitumia lazima apimwe damu mara kwa mara.

Dhana: Malaria imempanda kichwani.

Ukweli: Hii si ya kupuuzwa, kwa sababu Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi zaidi nchini, na malaria kali inaweza kweli kuvuruga akili. Mwenye homa, degedege au anayepoteza fahamu apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Kosa huanza pale kipimo kinapoonyesha hana malaria, naye akaendelea kupewa dawa za malaria dozi baada ya dozi huku hali ya kutolala na kuropoka ikizidi.

Dhana: Ni majini au amerogwa, hospitali hawaliwezi.

Ukweli: Urithi wa kifamilia, kufiwa, kujifungua, ulevi na maradhi ya muda mrefu huchangia magonjwa haya, na mara nyingi sababu huwa zaidi ya moja. Sioni faida ya kugombana na familia inayotaka kusoma dua au kufanya maombi. Maombi na vidonge havizuiani. Kinachodhuru ni kumfunga mgonjwa kamba, kumnyima chakula, au kumzungusha kwa waganga kwa miezi.

Dhana: Dawa zake zinalevya, na ukianza huachi.

Ukweli: Dawa za sonona kama fluoksetini na amitriptilini hazimfanyi mtu atamani dozi kama mlevi anavyotamani pombe. Tatizo lake ni kwamba karaha hutangulia nafuu: kichefuchefu, usingizi au mdomo kukauka huja siku za mwanzo, ilhali hisia huanza kutengemaa baada ya wiki mbili hadi nne hivi, kwa hiyo wengi huziacha siku ya kumi wakiamini zimeshindwa. Hata aliyepona huendelea nazo kwa miezi kadhaa, kisha hupunguziwa dozi taratibu kwa maelekezo ya daktari.

Dhana: Kumuuliza mtu kama anataka kujiua ni kumtia wazo hilo.

Ukweli: Swali hilo halipandi wazo, na mara nyingi humpa mtu nafasi ya kwanza ya kulisema alilolibeba peke yake. Duniani, zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka. Akijibu kwamba anataka kufa, wiki mbili hazisubiriwi: asiachwe peke yake, dawa za kuulia wadudu wa shambani zitolewe ndani ya nyumba, naye apelekwe hospitali siku hiyo. Haraka hiyohiyo inamhusu asiyekula wala kunywa, anayesikia sauti zisizosikika kwa wengine, na mama aliyejifungua anayewaza kumdhuru mtoto au kujidhuru.

Kwa wasio katika hatari hiyo, zahanati au kituo cha afya kilicho karibu kinatosha kuanzia, na wakihitaji zaidi watapewa rufaa, ikiwemo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni, na kwa hali nzito zaidi hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, Dodoma. Wengi wakifika mbele ya mhudumu husema kichwa kinauma au kifua kinabana, wakaondoka na vidonge vya maumivu. Ni afadhali ndugu aliyemsindikiza aeleze hali hiyo ilianza lini, mgonjwa hulala saa ngapi na kuamka saa ngapi, amewahi kuwa na siku za nguvu zisizo za kawaida au la, na ni kazi ipi aliyokuwa akiifanya bila kukumbushwa ambayo sasa imemshinda.