Mama anayenyonyesha mtoto mwenye mzio: yanayosemwa jikoni na ukweli wake

"Acha maharage, acha kabichi, acha machungwa, na pilipili usiiguse." Mtoto wangu wa pili alipofika miezi miwili, nilikuwa nimekatazwa vyakula vingi hadi nikabaki na uji na supu ya kuku, na bado choo chake kilikuwa na ute wenye michirizi ya damu. Kilichomsumbua hakikuwa kwenye orodha ile. Kilikuwa ndani ya uji wenyewe: maziwa ya ng'ombe niliyotiliwa kila asubuhi ili ya kwangu yashuke.

"Mama akila maharage, mtoto anapata chango."
Gesi ya maharage hutengenezwa na bakteria kwenye utumbo mpana wa mama. Haina njia ya kupita kwenye ziwa ikaenda kumjaza mtoto tumbo. Kilio cha watoto wachanga huongezeka hadi kama wiki ya 6, kisha hupungua kufikia mwezi wa 3 au wa 4, hata kwa mama ambaye hajaonja maharage.

Mzio ni jambo jingine. Chembe za protini ya chakula hupita kwenye damu ya mama, huingia kwenye maziwa yake, na kinga ya mtoto huzipiga vita. Ndipo unaona damu au ute kwenye choo, kutapika sana, kuhara, ukurutu usiopoa, au uzito usiopanda. Nenda kwa daktari, maana damu kwenye choo ina sababu nyingine pia. Uso ukivimba au mtoto akipumua kwa shida, ni hospitali saa hiyo hiyo.

"Maziwa yako yanamdhuru, mwachishe."
Hili linaniuma kuliko yote. Kinachomdhuru ni protini ya chakula kilichopita kwako, si maziwa yako. Na maziwa mengi ya kopo hutengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe: unamtoa mtoto kwenye chembe unampeleka kwenye chupa nzima.

"Basi kunywa ya mbuzi, au mtindi, au yachemshe sana."
Protini za maziwa ya mbuzi zinafanana mno na za ng'ombe, na watoto wengi wanaodhurika na haya hudhurika na yale. Kasein, protini kubwa ya maziwa, huvumilia moto wa jikoni. Kugandisha maziwa yawe mtindi hupunguza laktosi, yaani sukari ya maziwa, lakini protini inabaki. Hata maziwa ya dukani yasiyo na laktosi hayasaidii, kwa sababu laktosi ya maziwa ya mama hutengenezwa na titi lenyewe, ale asile.

Dawa ni kupika bila maziwa, na hapa sisi tuna bahati. Tui la nazi, ingawa wengine huliita maziwa ya nazi, halina protini ya ng'ombe hata kidogo. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha wa nazi: vyote hivyo kula ushibe. Uji wa ulezi nilikuwa naukolezea karanga zilizosagwa, au tui jepesi dakika za mwisho. Mtori hauhitaji siagi. Ndizi zikiiva vizuri na mchuzi wa nyama, ukizisonga zinalainika zenyewe. Chapati na maandazi kanda kwa maji ya vuguvugu na mafuta ya kupikia. Vya kununua ndivyo vyenye mtego: mkate, biskuti, siagi ya kupaka. Soma karatasi yake, na ukiona unga wa maziwa, "whey" au "casein", rudisha.

Usisahau mifupa yako. Mama anayenyonyesha anahitaji kama miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, sukuma wiki na ufuta vinasaidia sana. Mchicha una kalsiamu, ila oksalati zake, kemikali ya asili inayoshikana na kalsiamu, hufanya mwili uchukue kidogo. Muulize mhudumu wa afya kama unahitaji vidonge.

"Acha karanga na mayai mapema, mtoto asije akapata mzio."
Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa ushauri wa namna hiyo mwaka 2000 kwa akina mama ambao familia zao zina historia ya mzio. Mwaka 2008 kikauondoa, kwa kukosa ushahidi kwamba unakinga.

"Ukishaacha, umeacha."
Hapana. Unaacha kitu kimoja unachokishuku, wiki 2 hadi 4, kisha unakirudisha. Dalili zikirudi, umepata jibu. Kama hakukuwa na nafuu yoyote, kile chakula ni haki yako, kirudishe mezani. Mtoto aliyewahi kuvimba uso au kubanwa pumzi hajaribiwi nyumbani. Hilo ni la daktari.

Mimi nilirudisha kwa kikombe kimoja cha chai ya maziwa. Siku ya pili ute ukaonekana, nikaacha tena, safari hii nikijua ninachokiacha. Maharage nilikuwa nimeshayarudia wiki ile ile ya kwanza, ya nazi, na wali. Watoto wengi hupona mzio huu wakiwa bado wadogo. Wangu sasa ana miaka 4, na mtindi anaula.