Gari Kuukuu Linapokula Mafuta: Yanayosemwa Gereji na Ukweli Wake

"Gari limezeeka, hutaliweza." Hilo ndilo jibu la kwanza utakalopewa ukilalamika kwamba gari lako la miaka ya tisini linamaliza mafuta, na linawaumiza watu wengi kwa sababu ukishalikubali huchunguzi tena. Injini iliyochakaa kweli hupoteza nguvu na mafuta, lakini haijifichi: inapunguza oili, inatoa moshi wa bluu, mlima inaupanda kwa kuugua. Kama huoni dalili hizo na gari limebadilika ndani ya mwezi mmoja au miwili, kuna kitu kimeharibika, na mara nyingi ni kitu cha bei ndogo.

Kabla ya fundi, kipimo. "Niliweka ya elfu hamsini, imeisha siku mbili" si kipimo. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei ya mafuta Tanzania, hutangaza bei kikomo mpya Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwa hiyo elfu hamsini ya leo si lita zilezile za mwezi uliopita. Na geji ya gari la zamani hutegemea kielea kilichochakaa ndani ya tangi. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, andika kilomita, tembea kama kawaida yako zaidi ya kilomita 200, kisha rudi pampu ileile ujaze tena mpaka ijikate. Gawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Kilomita 210 kwa lita 20 ni kilomita 10.5 kwa lita, basi. Ukiwa umefunga matairi makubwa kuliko ya asili, kumbuka kwamba dashibodi inahesabu kilomita pungufu, na gari litaonekana mlafi bila kosa.

Sasa kwenye dhana inayoniuma kuliko zote: "Thamostati ni ya nchi za baridi, huku kwetu haina kazi." Gari likichemsha, fundi anaifungua, anaitupa, sindano ya joto kwenye dashibodi haipandi tena, mteja anashukuru. Kilichotokea ndani hakuna anayekiona. Kompyuta ya gari husoma joto la maji kwa sensa, na maji yakiwa hayajapata moto inaongeza mafuta, kazi ileile iliyofanywa na choki kwenye magari ya kabureta. Thamostati huyazuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka yafike joto lake, karibu nyuzi 82 kwa Toyota nyingi. Bila hiyo, maji yanapozwa muda wote, na kompyuta inaamini gari limewashwa sasa hivi. Zaidi ya hapo, Toyota nyingi za otomatiki za miaka hiyo hazikubali kuingia gia ya juu kabisa mpaka maji yapate moto. Unalipia mara mbili.

Hili limenikuta. Corolla 110 yangu, injini ya 5A, ilishuka mpaka kilomita 8 kwa lita. Nilibadilishiwa plagi, nikabadilishiwa sensa ya oksijeni, hakuna kilichosogea. Alfajiri moja nikiwa barabara ya Chalinze niliona sindano ya joto imelala karibu na robo, na nilikuwa nimeshatembea kilomita arobaini. Kila tukisimama kwenye foleni ya malori inapanda kidogo, tukiondoka na upepo ukapiga rejeta inashuka tena. Niliporudi tulifungua nati mbili za nyumba ya thamostati. Ndani hamna kitu, ila silikoni ya bluu iliyopakwa pembeni kuziba uvujaji.

Ile mpya sikuifunga kabla ya kuijaribu. Niliitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto. Maji yalipofika nyuzi 78 ilikuwa imefumba kabisa. Kwenye 83 kisahani cha katikati kilianza kujiinua taratibu kwenye springi yake, na yalipokaribia kuchemka ilikuwa wazi yote. Tukaifunga, kile kitundu chenye kipini kikitazama juu ili hewa itoke. Njia ileile, pampu ileile: 10.5. Bila shaka ukiirudisha thamostati gari linaweza kuchemsha kama zamani, kwa sababu ugonjwa wa mwanzo ulikuwa rejeta iliyoziba, feni au kifuniko cha rejeta, na huo haukutibiwa.

Sindano ya dashibodi nayo isikudanganye. Kwenye Toyota nyingi za zamani sensa ya sindano na sensa ya kompyuta ni mbili tofauti: ya sindano ina waya mmoja, ya kompyuta ina waya mbili. Sindano inaweza kukaa pazuri huku kompyuta inaambiwa ni baridi. Mwambie fundi umeme aipime ile ya waya mbili kwa mita: maji yakiwa kwenye nyuzi 20 inapaswa kusoma takriban ohmu 2,000 hadi 3,000, na kwenye nyuzi 80 takriban 200 hadi 400. Ikibaki juu injini ikiwa ya moto, umempata mwizi.

"Taa ya injini haijawaka, kwa hiyo hakuna tatizo." Weka swichi bila kuwasha injini uone kama taa inawaka kwanza, kuna magari ambayo balbu ilishang'olewa kabla hujalinunua. Na sensa inayosema uongo wa kiasi haiwashi taa. Vilevile kimashine cha kusomea hitilafu kikishindwa kuunganika na gari la Kijapani la miaka ya tisini, haina maana kwamba gari ni zima. Kwenye Toyota hizo fundi huunganisha kwa kipande cha waya matundu ya TE1 na E1 chini ya boneti, kisha anasoma namba ya hitilafu kwa mimweko ya taa: 22 ni sensa ya joto la maji, 21 ni sensa ya oksijeni.

Eya klina chafu? Kwa kabureta ni kweli. Kwa injini ya injekta, kompyuta hupima hewa inayoingia na kupunguza mafuta kulingana nayo, kwa hiyo unachopoteza hasa ni nguvu. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilipima jambo hili mwaka 2009 ikakuta hivyo. Ibadilishe kwa ajili ya vumbi, usitegemee muujiza kituo cha mafuta.

Taa ya O/D OFF ikiwaka, wengi hudhani ni hali ya kubana matumizi. Ni kinyume: umelizuia gari lisiingie gia ya nne, ile ya juu kabisa. Bonyeza kitufe, izime.

Breki zinazoshika hazihitaji kompyuta. Ukitoka safari, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Moja ikiwa na moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, hiyo inakuburuza.

Na wanaoweka nyutro kwenye mteremko ili kuokoa mafuta: injini ya injekta ukiiacha kwenye gia na mguu ukatoka kwenye akseli, kompyuta hukata mafuta kabisa mpaka mzunguko ukaribie sailensi, yaani ule wa injini ikinguruma bila kukanyagwa akseli. Ukiweka nyutro, inalazimika kuyarudisha ili injini isizime. Ukishuka mlima Kitonga, basi, gari likae kwenye gia nzito, yaani ya chini: mafuta yamekatwa, na breki zitakuwa bado baridi ukilikuta lori limeharibika kwenye kona.