Kozi za sayansi kabla ya famasia: yanayosemwa na yalivyo

"Kemia ogania ni chujio tu. Ukishafaulu, isahau."

Hii ndiyo inayorudiwa kuliko zote, na sishangai. Mtu aliyekesha wiki nzima akichora mishale ya kuonyesha elektroni zinavyohama ana haki ya kununa. Na kweli kozi hiyo huwachuja watu. Lakini dawa ni molekuli, na umbo la molekuli ndilo linaloamua itanasa wapi mwilini. Ibuprofeni, kwa mfano, ina maumbo mawili yanayofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Linalotuliza maumivu ni lile linaloitwa S, na mwili wenyewe hugeuza sehemu ya lile la R likawa S.

Kisha kuna thalidomidi, dawa ya usingizi. Iliingia sokoni Ujerumani Magharibi mwaka 1957, ikaondolewa mwaka 1961 baada ya kuwadhuru maelfu ya watoto wakiwa tumboni. Wanafunzi wengi hutoka darasani na hadithi fupi: umbo moja lilikuwa zuri, jingine baya, na kama wangeuza lile zuri pekee yangeisha. Hapana. Maumbo hayo mawili hugeukiana ndani ya mwili, kwa hiyo ukimeza moja utakuwa nayo yote mawili. Sababu iko kwenye hidrojeni moja iliyokaa mahali ambapo ni rahisi kung'oka na kurudi upande mwingine, jambo ambalo mwalimu wa kemia ogania hulieleza ubaoni huku nusu ya darasa ikisinzia. Aliyekariri hubaki na hadithi fupi. Aliyeifuata ile mishale huona kwa nini haitoshi.

"Asidi na besi ni mambo ya bureti, hayahusu wagonjwa."

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo kozi ya mwaka wa kwanza inapookoa maisha waziwazi. Mtu amemeza aspirini nyingi kupita kiasi. Mwilini hugeuka kuwa asidi salisili, asidi hafifu yenye pKa ya karibu 3, yaani kwenye pH 3 nusu ya molekuli zake huwa na chaji. Molekuli yake isiyo na chaji hupenya utando wa seli bila shida. Yenye chaji hukwama. Sasa piga hesabu: kila pH inapopanda kwa 1, uwiano wa zenye chaji huongezeka mara kumi. Mkojo ukiwa na pH 6, kwa kila molekuli moja isiyo na chaji zipo 1,000 zenye chaji. Ukiupandisha hadi pH 8, zinakuwa 100,000. Sumu iliyochujwa kwenye figo haiwezi tena kurudi kwenye damu kirahisi, inatoka na mkojo. Ndiyo maana mgonjwa huyo huwekewa dripu ya sodiamu baikaboneti, ambayo ni besi. Potasiamu yake ikiwa chini, mkojo hukataa kupanda pH, kwa hiyo nayo inaangaliwa. Hesabu ya logi iliyotumika hapo ni ileile ya siku ile mlipokuwa mnadondosha besi tone kwa tone mkisubiri rangi ya pinki.

"Mfamasia anahesabu vidonge, kalkulasi ya nini?"

Tukubaliane: hakuna anayesimama dirishani akitafuta intigrali. Zinazotumika kila siku ni hesabu za kawaida. Adrenalini ya 1:1000 ina miligramu ngapi kwa mililita? Moja, kwa sababu ni gramu 1 ndani ya mililita 1,000. Chupa ya mililita 500 ya dekstrozi 5% ina gramu 25. Ukikosea nukta moja ya desimali, umempa mtu dozi mara kumi. Mimi ningempa kila mwanafunzi maswali ya aina hii hadi ayachoke.

Lakini kalkulasi hukufundisha kuona kitu kinachobadilika kulingana na wakati, na dawa damuni ni kitu cha namna hiyo. Nusu-uhai ni muda ambao kiwango cha dawa hupungua kwa nusu. Zikipita nusu-uhai tano, inabaki 1/32, kama 3% tu. Mkondo huohuo hufanya kazi wakati wa kupanda: dawa inayomezwa kila siku hukaribia kutulia baada ya nusu-uhai nne au tano. Digoksini, dawa ya moyo, kwa mtu mwenye figo nzima, ina nusu-uhai ya saa 36 hadi 48. Anayepima damu siku ya tatu, akaona kiwango kiko chini na kuongeza dozi, amekurupuka. Dawa ilikuwa bado njiani kupanda.

Fenitoini, dawa ya kifafa, ni mkorofi zaidi. Vimeng'enya vya ini vinavyoivunja hujaa, na vikishajaa, kuongeza dozi kidogo kunaweza kupandisha kiwango damuni sana. Grafu yake haiendi sawia. Aliyezoea kutazama mteremko wa grafu hatashtuka.

"Baiolojia waachiwe madaktari."

Figo huchuja takribani lita 180 za majimaji kwa siku, na karibu zote hurudishwa mwilini. Uchujaji huo ukidorora, dawa zinazotoka kwa njia hiyo hurundikana, na dozi lazima ishuke. Juisi ya balungi nayo huzuia kimeng'enya CYP3A4 kwenye ukuta wa utumbo, na simvastatini, dawa ya kupunguza kolesteroli, inaingia damuni kwa wingi kuliko ilivyokusudiwa. Nadhani inatosha.

"Bila shahada ya kemia huingii."

Marekani, ambako wengi huanza chuo kikuu kwingine kabla ya programu ya PharmD (udaktari wa famasia) ya miaka minne, vyuo vingi havidai shahada yoyote. Vinadai kozi zenyewe ziwe zimesomwa. Hata PCAT, mtihani wa kuingia vyuo vya famasia uliokuwa ukitisha watu, ulifutwa mwanzoni mwa 2024. Kwingine mwanafunzi hutoka sekondari moja kwa moja na kuzikuta kozi hizohizo ndani ya shahada ya famasia.

"Takwimu ni kozi ya kujazia ratiba."

Dawa imetangazwa kwamba inapunguza hatari ya kiharusi kwa 50%. Ukifungua utafiti wenyewe unakuta hatari imeshuka kutoka 2% hadi 1%. Zote mbili ni kweli. Ila maana yake ni kwamba watu 100 wataimeza ili mmoja aepukane na kiharusi, na kama inaleta madhara kwa mtu 1 kati ya 50, wawili katika hao 100 watayapata. Mgonjwa aliyesimama mbele yako anauliza kama aanze kuimeza.