Pima mwili, lakini usianze na kupima

Wanaofundisha kuchora mwili wa binadamu hawaishi kubishana. Huyu anasema vipimo vinaua mkono wa mchoraji, yule anasema "mtindo wangu" ni kichaka cha asiyejua kuchora. Kwangu mimi, jambo lenyewe ni mpangilio wa kazi: nini kitangulie.

Chukua karatasi ya A2 na mkaa laini. Modeli amesimama, uzito wote ameuweka mguu wa kulia. Dakika mbili za kwanza shika mkao tu, mkono ukitembea kutoka begani, bila raba. Anayeanza na jicho na pua hufika magotini karatasi imeisha, akaifupisha miguu ili ienee.

Sasa pima. Nyoosha mkono mpaka kiwiko kikaze, fumba jicho moja, chukua urefu wa kichwa kwa penseli. Mtu mzima huwa karibu vichwa saba na nusu, ila hesabu vya huyu aliye mbele yako. Kiwiko kikilegea, penseli inasogea karibu na jicho na kichwa kile kile kinaonekana kifupi. Ukishuka hadi miguuni, kosa limeshakua.

Kisha timazi: uzi na kokoto vinatosha. Ukiushusha kutoka kishimo cha koo, unaangukia karibu na kifundo cha mguu uliobeba uzito. Nyonga ya upande huo imepanda, bega la upande huo limeshuka. Jicho hupenda kuvinyoosha vyote viwili, na hapo mtu anageuka nguzo. Ukiona mchoro umekakamaa, kagua hapo kwanza.

Baada ya hapo uamuzi ni wako: mstari upi uukoleze, upi uuache ufifie, mgongo uurefushe kupita kipimo au la.

Mtazame Sam Ntiro, mchoraji wa Machame, Tanzania. Chuoni Makerere, Uganda, alikosoma, mwalimu Margaret Trowell aliwahimiza wanafunzi wachore yaliyo akilini mwao. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Ntiro akaenda Slade, shule ya sanaa ya London, iliyokuwa chini ya mchoraji William Coldstream, bingwa wa kupima. Hata baada ya Slade aliendelea kuchora watu wake bapa, wakifanya kazi za kijijini.

Na vile vialama vidogo unavyoweka karatasini unapopima? Wengi huvifuta mwishoni. Coldstream aliviacha kwenye michoro yake, na ndivyo wengi wanavyoitambua kazi yake.