Je, wajua kwa nini wataalamu wa meno huwafuata watoto wa darasa la kwanza?

Mwambie mzazi wa Newala au Nachingwea kwamba gego la mtoto wake wa darasa la kwanza limeanza kutoboka, na huenda akakujibu bila wasiwasi kwamba hilo ni jino la utoto, litang'oka lenyewe. Si lazima iwe hivyo. Mtoto akifikisha miaka 6 hivi, magego manne ya kwanza ya kudumu huchomoza nyuma ya meno yake 20 ya utoto bila jino lolote kung'oka kuyapisha, na kwa kuwa hakuna pengo lililotangulia, nyumbani hakuna anayejua kwamba yamefika.

Juu ya gego hilo kuna mifereji myembamba, mingine hata uzi mmoja wa mswaki hauwezi kupenya. Humo hunasa mabaki ya biskuti, kashata na ubuyu wa sukari, na bakteria huigeuza sukari hiyo kuwa asidi inayoyeyusha madini ya jino. Mate hurudisha sehemu ya madini hayo, lakini huhitaji muda, na mtoto anayemung'unya kitu kitamu kutwa nzima huyanyima muda huo. Kwa upande wa meno, ni afadhali aimalize kashata yake mara moja.

Ndiyo maana programu nyingi za shuleni hulenga umri huu: mifereji huzibwa kwa utando mwembamba kabla haijaoza, na meno hupakwa vanishi yenye floraidi, ambayo huyaongezea ukinzani dhidi ya asidi.

Na jino likishatoboka? Hapa Tanzania ina jambo la kujivunia, ingawa halisemwi sana. Ni hapa, katikati ya miaka ya 1980, ilikoanzia njia ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono pekee, bila umeme wala mashine ya kutoboa: sehemu iliyolainika hukwanguliwa, kisha tundu hujazwa saruji ya meno inayoshikamana na jino na kutoa floraidi kidogo kidogo. Kwa shule iliyo mbali na hospitali kwenye uwanda wa juu wa Makonde, meza ya darasani inatosha kumlaza mtoto.

Nyumbani, dawa ya meno yenye floraidi hutumika mara mbili kwa siku, kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka 3 na cha punje ya njegere baada ya hapo, na mtoto ateme bila kusukutua kwa maji mengi. Gego linalochomoza huwa chini kuliko meno ya jirani, hivyo mswaki unaopita moja kwa moja hulikosa. Mzazi auingize kutokea upande wa shavu.